Kiambishi a- na Hofu ya Mtu wa Kawaida katika Riwaya ya Upelelezi

Tangu mwanzo, riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imekuwa riwaya ya mjuzi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) na Willy Gamba wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona (1974) wanatofautiana kwa mengi, lakini wote huiendea hatari kwa hiari au kwa kazi. Mtu wa kawaida, ambaye hatari humfuata nyumbani, aghalabu huachiwa nafasi ya maiti, shahidi au mshukiwa.

Upungufu huo hautokani na lugha. Kiambishi nafsi a- hakibainishi jinsi ya mtenda. Katika sentensi "Alibisha hodi, akanyamaza, akaondoka", msomaji hajui kama aliyebisha ni mwanamume au mwanamke, wala mtunzi hakutumia hila yoyote kumficha. Mwandishi wa Kiingereza hana budi kuchagua kiwakilishi au kukikwepa, na kukwepa kwenyewe humzindua msomaji makini. Nayo -ka- husukuma matukio mbele bila kuruhusu maelezo. Kwa mpelelezi, ufiche huu ni fumbo la kufumbuliwa. Kwa mtu wa kawaida ndio hofu yenyewe, maana hajui amwogope nani.

Masasi, chini ya uwanda wa Makonde, na Newala, juu yake, zina mazingira yanayoifaa hofu hiyo. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malipo yalitanguliwa na uhakiki wa wakulima, uliokusudiwa pia kuwabaini wafanyabiashara wa kangomba, yaani wanaonunua korosho nje ya mfumo rasmi kwa bei ya chini. Achukuliwe mhusika wa kubuni: mkulima aliyeuza kwa kangomba kwa sababu ya ada ya shule, kisha mnunuzi akamtaka auandikishe mzigo huo kwa jina lake. Akikubali, amewadanganya wahakiki. Akikataa, mnunuzi anapajua kwake. Taharuki hiyo haihitaji bastola.

Hata hivyo, kinachofichwa na kiambishi huweza kufichuliwa na lafudhi. Wilayani Masasi hukutana Kimakua, Kiyao na Kimakonde, na mgeni hujulikana kwa matamshi yake. Mtunzi anayewasemesha wahusika wote Kiswahili kimoja cha vitabuni hujinyima kidokezo ambacho mkulima huyo angekinasa kabla mgeni hajaketi.