Bia ya pipa yaonjwa Babati, hesabu ya kusubiri yazua mjadala

BABATI ni mji wa njia panda. Barabara ya kutoka Arusha ikifika hapo hugawanyika, moja ikaelekea Singida na nyingine Kondoa hadi Dodoma, na kila kinachopita barabarani hupata mtu wa kukiangalia, kukishika na kukiuliza bei. Jioni moja kilichopita kilikuwa chupa nene ya mililita 750, kizibo chake kimefungwa kwa waya kama cha shampeni, iliyoletwa na mgeni kutoka Marekani. Waliokaa mezani ni mama anayepika pombe ya kienyeji, mfanyabiashara wa asali, na mzee mmoja mkulima wa mahindi wa upande wa Magugu.

Mama alinusa kwanza kabla ya kunywa, kama anavyonusa kimea chake, akasema humu mna ndizi mbivu. Mwenye asali akasema hapana, ni vanila na sukari iliyoungua. Mzee alikunywa moja kwa moja, akakunja uso, akatangaza kwamba hii ni bia iliyotiwa konyagi.

Ajabu ni kwamba wote watatu walikuwa karibu na ukweli.

Bia hiyo inaitwa Curieux. Hutengenezwa na kiwanda cha Allagash kilichopo Portland, jimbo la Maine. Msingi wake ni bia ya mtindo wa Ubelgiji iitwayo tripel, ambayo sifa yake ilianzia kwa watawa wa abasia ya Westmalle mwaka 1934. Rangi yake ni ya dhahabu, lakini asidanganyike mtu kwa rangi: kilevi chake ni kama asilimia 10, mara mbili ya bia ya kawaida ya chupa. Nguvu hiyo hutokana na shayiri nyingi pamoja na sukari inayoongezwa wakati wa kupika. Harufu ya ndizi aliyoinusa mama haikutokana na ndizi yoyote; ni chachu ya Kibelgiji inayofanya kazi hiyo, na wakati mwingine hutoa hata harufu ya karafuu.

Vanila na ile "konyagi" ya mzee zinatoka kwenye pipa. Mwaka 2004 kiwanda hicho kilianza kuilaza tripel yake ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni ambayo awali yalihifadhi wiski ya bourbon ya Jim Beam. Bia hulala humo takriban wiki saba, kisha huchanganywa na kiasi cha tripel ambayo haikupitia pipa ili makali yapungue.

Hapo mzee alisogeza kiti, maana bourbon ni zao la mahindi. Sheria ya Marekani inataka angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi. Inataka pia wiski hiyo ihifadhiwe katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani kwa moto. Kwa kuwa lazima kiwe kipya, pipa likishatumika mara moja halifai tena kutengenezea bourbon. Kila mwaka viwanda vya Kentucky hubaki na mapipa matupu ya lita 200 hivi. Mengi huvuka bahari kwenda Uskoti kuhifadhi wiski ya huko, mengine huenda kwa watengeneza bia. Kilichokuwa takataka ya kiwanda kimoja kimekuwa malighafi ya kingine, na kinauzwa kwa fedha.

Mama akauliza swali lililokuwa la maana kuliko yote ya jioni ile: je, naye akiweka pombe yake kwenye pipa kwa wiki saba, atauza kwa bei ya Wamarekani?

Jibu ni kwamba atapata siki. Pombe ya kienyeji ya nafaka ina kilevi kidogo, huchachuka katika chombo kilicho wazi, na vijidudu vinavyoleta uchachu vinaendelea na kazi hata wakati mteja anakunywa. Ndiyo maana pombe ya jana huuzwa kwa kubembeleza na ya juzi humwagwa. Tripel huvumilia pipa kwa sababu kilevi chake ni kikali, vyombo vyake vimesafishwa kwa uangalifu, na hewa imezuiwa kuingia.

Hata kama ingevumilia, kuna gharama ambayo haionekani kwenye chupa. Chukua mfano wa mama mwenye mtaji wa sh. 100,000 anayepika mara moja kwa wiki na kubaki na faida ya sh. 20,000 kila anapopika. Katika wiki saba mtaji uleule umezunguka mara saba na kumpa sh. 140,000. Akiufungia ndani ya pipa kwa muda huo, pipa hilo sharti limpe zaidi ya sh. 140,000 ndipo aseme amepata. Hapo hajahesabu bei ya pipa, kinachovuja, na hatari kwamba siku ya kufungua atakuta yote imeharibika. Na ada ya shule haisubiri wiki saba.

Mzee aliielewa hesabu hiyo upesi kuliko wengine. Mkulima wa mahindi huifanya kila msimu: auze wakati wa mavuno bei ikiwa chini, au asubiri miezi ya njaa huku dumuzi akila gunia. Watengeneza wiski nao hupoteza kiasi kila mwaka kwa mvuke unaopenya kwenye mbao, na hukiita fungu la malaika. Huku kwetu fungu hilo huchukuliwa na dumuzi, naye hana shukrani.

Aliyekuwa na nafasi nzuri pale mezani ni mwenye asali. Asali iliyoiva na isiyoingiwa na maji haiozi, na pombe ya asali ni kitu cha heshima kwa wazee wa Kidatoga wa Manyara tangu zamani. Mvinyo wa asali ulioachwa kuchachuka hadi mwisho unaweza kuzidi asilimia 10 ya kilevi, na ukizibwa vizuri hutunzika kwa miezi. Mfano wa kufunga kinywaji cha aina hiyo kwenye chupa hauko mbali: kampuni ya Banana Investments ya Arusha imekuwa ikiuza mvinyo wa ndizi tangu miaka ya 1990.

Lakini asali tayari ina soko lake ikiwa asali. Mwenye kutaka kujaribu aanze na ndoo moja ya lita 20, si debe zote za msimu, na apime kama mteja atalipia hiyo miezi. Asikimbilie mapipa ya plastiki yanayouzwa mitaani bila kujua yalibeba nini, kwani mengine yalikuwa ya kemikali. Wala asitengeneze pipa kwa mti wowote unaopatikana. Miti mingine ina sumu. Leseni, alama ya TBS na ushuru wa TRA vitamgusa mara tu atakapoanza kuuza, hivyo ni vyema apite SIDO kuuliza kabla ya kununua hata kizibo kimoja.

Chupa ilipoisha mama aliaga, kwa kuwa alikuwa na kimea juani. Mwenye asali aliomba abaki na chupa, akaipima kwa jicho, akasema itaingia karibu kilo moja ya asali.