Muziki wa Bahari na Kazi ya Miaka Mitatu

Wako watu wanaodhani kwamba mtunzi wa muziki kazi yake ni kungoja tu. Hukaa penye mandhari njema, fikira ikamjia, akaiandika, basi. Dhana hiyo huwapendeza wasikilizaji, lakini humnyima mtunzi haki ya jasho lake. Natutazame habari za kipande kimoja mashuhuri cha muziki wa vyombo, kisicho na neno hata moja la kuimbwa, ambacho husemwa kuwa kilizaliwa katika safari ya baharini. Kinaitwa Hebrides, au Pango la Fingal, na mtunzi wake ni Mjerumani Felix Mendelssohn.

Mwezi wa Agosti 1829 Mendelssohn, kijana wa miaka 20, alikuwa akitembea Scotland pamoja na rafiki yake Karl Klingemann. Upande wa magharibi wa nchi ile vipo visiwa vya Hebrides, na kimojawapo, Staffa, kina pango la ajabu. Kuta zake ni nguzo za mawe meusi zilizosimama wima, utadhani zimechongwa na fundi, kumbe ni uji wa moto wa volkano uliopoa ukapasuka. Maji ya bahari huingia mpaka ndani na mawimbi hunguruma humo. Tarehe 8 Agosti marafiki hao walikwenda kulitazama kwa meli ya moshi. Bahari ilichafuka, na Mendelssohn akataabika kwa kichefuchefu. Klingemann aliandika kwa mzaha kwamba mwenzake alipatana na bahari kwa usanii wake, si kwa tumbo lake. Aliyepata kuvuka kwenda Pemba wakati wa kusi hatamcheka sana.

Lakini barua yenye noti za mwanzo wa muziki huo, vipimo 21 kwa hesabu ya wanamuziki, ambayo Mendelssohn aliwaandikia jamaa zake, ina tarehe 7 Agosti. Pango alikuwa hajaliona bado! Kilichomgusa hakikuwa lile ajabu ambalo wasafiri hulipa nauli kulitazama, bali visiwa vyenyewe na maji yaliyovizunguka. Jina la pango, kwa maoni yetu, limewapoteza wasikilizaji kidogo.

Na noti zile ni chache. Fidla za sauti nzito na zumari za besi hupiga tuni fupi yenye kushuka, ikarudi, ikarudi tena, huku sauti ndefu zilizo juu yake zikibadilika polepole. Ni wimbi, nalo halihitaji maelezo. Ila vipimo 21 havitoshi kushika wasikilizaji kwa dakika kumi. Zilizobaki hazikuletwa na bahari, zilitafutwa mezani.

Alimaliza mara ya kwanza mjini Rome, Desemba 1830, akakiita Kisiwa cha Upweke. Hakuridhika. Januari 1832, akiwa Paris, alimwandikia dada yake Fanny, naye mtunzi hodari, kwamba kazi ile haijawa tayari: sehemu ya katikati ilinukia elimu ya kupanga sauti kuliko mafuta ya nyangumi, shakwe na samaki wa chumvi. Tuyapime maneno hayo. Huyu ni mtoto wa nyumba ya matajiri, aliyefunzwa na walimu bora tangu utotoni, naye aliihukumu kazi yake kwa harufu ya chombo cha wavuvi. Usomi wake ulipoonekana mno, aliuhesabu kuwa ni ila.

London iliusikia muziki huo kwanza tarehe 14 Mei 1832, Thomas Attwood akiongoza wapigaji. Hata baada ya hapo Mendelssohn aliushika tena, akakata na kurekebisha, kabla ya kupigwa Berlin Januari 1833. Mwisho wake hauna kishindo. Tuni ile ya kwanza yasikika kwa mbali katika zumari, filimbi yapanda juu peke yake, na nyuzi za fidla zadonolewa kwa vidole, taratibu, mpaka kimya.