Halmashauri Inatudai, Nasi Tunaidai



Nataka kusema machache juu ya zabuni za halmashauri, hasa kwa sisi mafundi na wafanyabiashara wadogo wa Nyanda za Juu Kusini. Mimi ni fundi seremala wa Mafinga. Mbao zetu hutoka katika shamba la Sao Hill na katika mashamba ya miti ya wananchi wa Mufindi, na kazi yetu kubwa kwa miaka mingi imekuwa madawati, viti na meza za shule, kutoka Iringa hadi Mbeya.

Wananchi wengi husema kuwa zabuni ni mambo ya wakubwa na kwamba hupati kitu bila kumjua mtu. Sina haja ya kubishana nao, kwani kila mtu ana aliyoyaona. Lakini wapo wenzetu waliopata zabuni kwa haki, wakatengeneza mali nzuri, ikapokewa kwa furaha, na hata hivyo wakafunga karakana. Habari zao hazisemwi, na ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Kwanza nieleze utaratibu kwa wasioujua. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Kila halmashauri, iwe Jiji la Mbeya, Manispaa ya Iringa au wilaya kama Kilolo, Rungwe na Mbarali, hutakiwa kuwa na mpango wa ununuzi wa mwaka mzima. Mkurugenzi ndiye afisa masuuli. Chini yake kiko kitengo cha ununuzi, na ipo Bodi ya Zabuni, ambayo wajumbe wake ni watumishi wa halmashauri. Bei zikishafunguliwa, kamati ya tathmini huzipima, kisha Bodi huidhinisha. Diwani si mjumbe wa Bodi hiyo. Madiwani huletewa taarifa za ununuzi katika kamati yao ya fedha, kwa hiyo ndugu anayekuomba fedha ili akusemee kwa diwani upate zabuni anakuibia mchana kweupe.

Zamani mtu wa Chunya au Kyela alilazimika kupanda basi mpaka makao makuu akanunue makabrasha, ayajaze, ayatie katika bahasha na kulipa nauli nyingine kwenda kuitumbukiza sandukuni. Sheria zimebadilika mara kadhaa tangu ile ya mwaka 2001, zikafuata za 2004, 2011 na sasa ya 2023. Tangu mwaka 2023 pia mambo yote yamehamia katika mfumo wa kompyuta uitwao NeST. Mwombaji hujisajili humo kwa namba ya mlipa kodi, leseni na karatasi zake nyingine, na tangazo la Mbarali akaliona akiwa Mafinga. Kwa hilo naipongeza Serikali, kwani nauli peke yake ilikuwa imeshawashinda wengi.

Hata hivyo, kompyuta nayo imeleta madalali wake. Nakijua kikundi kimoja cha akina mama ambao walisajiliwa na kijana mwenye duka la kuchapa barua. Barua pepe ilikuwa yake, namba ya simu yake, na nywila aliijua yeye tu. Siku kikundi kilipotaka kuomba kazi ya kushona sare, kijana akataka fungu lake kwanza. Wakakaa miezi wakihangaika kurudishiwa jina lao wenyewe. Nawaomba maofisa maendeleo ya jamii, ambao ndio walezi wa vikundi hivi, wawafundishe akina mama na vijana kufungua mfumo huo kwa mikono yao, hata kama itachukua siku tatu.

Sasa nije kwenye bei. Mnunuzi hutazama kwanza kama umetimiza masharti, halafu kati ya waliotimiza hutafuta bei ya chini. Ni sawa, fedha ni za umma. Lakini mbao ina tabia zake. Huku kwetu mvua huanza Novemba na huendelea mpaka Aprili au Mei. Wakati huo barabara za msituni huwa tope tupu, malori hukwama, bei ya mbao hupanda, na mbao mbichi haikauki. Tangazo likitoka Desemba, nawe ukatakiwa kupeleka madawati Januari shule zinapofunguliwa, fundi mwaminifu mwenye mbao kavu ghalani atataja bei kubwa kuliko yule anayepasua mti leo na kupiga msumari kesho. Huyo wa pili atashinda. Baada ya miezi michache dawati limepinda, misumari imetoka, na mtoto ameketi juu ya tofali. Halafu watu husema mafundi wa Mafinga hawana kazi nzuri! Laiti maelezo ya zabuni yangetaka mbao zilizokauka, na kamati ya mapokezi ikawa na mtu mmoja anayeijua mbao, ugomvi huu ungepungua sana. Madawati si dawa ya kipindupindu kusema yalikuwa hayatazamiwi. Idadi ya watoto inajulikana tangu Julai, basi tangazo litoke Julai, kiangazi, wakati jua liko.

Lakini shida kubwa zaidi ni baada ya kushinda. Tuseme umepewa hati ya LPO ya madawati 100 kwa shilingi 80,000 kila moja. Hizo ni milioni 8. Halmashauri hailipi mpaka mali ifike, ikaguliwe na ipokewe. Kwa hiyo mbao, msasa, vanishi, mishahara ya vijana na lori la kutoka Mafinga mpaka Uyole ni juu yako wewe. Ukilipwa, asilimia 2 hukatwa kama kodi ya zuio, yaani shilingi 160,000, jambo ambalo wengi wa wapya hawalijui wanapopanga bei. Fundi ambaye faida yake ilikuwa laki nne anajikuta karibu nusu yake imeshakwenda, na bado hajaipata hiyo nusu iliyobaki.

Na lini ataipata? Hapo ndipo kilio kilipo. Ukienda kuuliza utaambiwa fedha hazijaingia, au idara haijaleta hati ya mapokezi, au aliyepaswa kuweka sahihi yuko Dodoma. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimeandika mara nyingi juu ya madeni ya wazabuni katika halmashauri, kwa hiyo sisemi jambo la siri. Mikataba mingine hutaja riba kwa malipo yanayochelewa. Sijamwona fundi wa ukubwa wangu aliyethubutu kuidai, maana mwakani ataomba kazi palepale.

Wenye mitaji mikubwa hungoja. Mdogo hawezi kungoja, na huyu mdogo ndiye sheria ilikusudia kumwinua. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliagiza taasisi za Serikali zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Upande mwingine, kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudishwa mwaka 2024. Mipango yote miwili ni mizuri. Tatizo ni pale inapokutana mlangoni mwa mtu mmoja.

Kikundi cha vijana nikijuacho, sitakitaja wala sitaitaja halmashauri yao, kilikopa fedha hizo kikanunua mashine ya randa. Kikapata kazi ya meza za shule katika halmashauri ileile, kikapeleka mali, ikapokewa na hati ikatiwa sahihi. Miezi ikapita bila malipo. Wakati huohuo ofisa wa mikopo akaanza kuwafuata kwa marejesho, tena kwa barua kali yenye kutaja polisi. Vijana wakajibu kuwa halmashauri inawadai, nao wanaidai, na deni wanalodai ni kubwa kuliko wanalodaiwa. Wakaambiwa hizo ni akaunti mbili tofauti, na ofisi mbili tofauti. Mashine ya randa wakaiuza kwa bei ya kutupa ili walipe mkopo. Malipo ya meza yalifika baadaye, wakati karakana imeshakuwa banda la kuku.

Kwa hiyo nauliza wahusika, na hasa TAMISEMI. Je, haiwezekani ikatolewa amri kwamba kikundi chenye hati ya mapokezi ambayo halmashauri haijailipa kisidaiwe marejesho ya mkopo wa halmashauri hiyohiyo mpaka kilipwe? Sisemi wasamehewe. Wasubiriwe tu, kama wao wanavyosubirishwa. Na je, taarifa ya ununuzi inayopelekwa katika kamati ya fedha haiwezi kuwa na ukurasa mmoja wa wadai, jina kwa jina na tarehe mali ilipopokewa, kisha ukurasa huo ubandikwe ubaoni pale pale yanapobandikwa majina ya vikundi vinavyodaiwa mikopo?

Fundi Seremala,
Mafinga, Iringa.