Upendeleo wa namba witiri na shufwa

Upendeleo wa namba witiri na shufwa ni tabia ya watu ya kupenda, kuchagua au kuepuka namba kwa sababu tu inagawanyika kwa mbili au haigawanyiki. Namba shufwa (2, 4, 6, 8...) hugawanyika kwa mbili bila baki, namba witiri (1, 3, 5, 7...) hubakiza moja. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu: shufwa ni jozi, witiri ni kitu pekee kisicho na mwenzake.

Kihisabati hakuna aina iliyo bora kuliko nyingine. Hata hivyo wapo watu wasiotulia mpaka sauti ya televisheni isomeke 20 au 22, kamwe si 21. Kiini cha hisia hizo ni ile moja inayobaki. Ukiwagawia watoto wawili maandazi saba, kila mmoja hupata matatu, na la saba huleta ugomvi. Lakini baki hiyohiyo imeeleweka kwa namna mbili zinazopingana: kwa wengine ni kasoro au upweke, kwa wengine ni nguvu, maana kisichogawanyika hakitengani.

== Desturi ==
Nchini Japani, fedha za zawadi ya harusi kijadi hutolewa kwa noti za idadi witiri, ili ndoa isigawanyike. Nchini China zawadi ya harusi huwa shufwa, kwa kuwa mema huja kwa jozi (4 huepukwa, kwani hutamkwa karibu sawa na neno la kifo), na witiri huachiwa rambirambi za msiba. Warusi humpa mtu aliye hai maua ya idadi witiri. Shufwa ni ya mazishi.

Katika Uislamu, hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim hueleza kwamba Mungu ni mmoja pekee na hupenda witiri. Neno hilohilo ndilo jina la sala ya witiri, na waumini wengi hufungua saumu kwa tende moja au tatu.

== Kalenda ya Warumi ==
Mfano ulioacha alama kubwa kuliko yote ni mwezi wa Februari. Warumi wa kale waliamini namba witiri zina bahati. Mwaka wa miezi 12 ya mwandamo una siku 354 hivi. Wao wakaufanya 355. Miezi minne ilipewa siku 31 na saba siku 29, jumla 327. Zilibaki siku 28 kwa mwezi wa mwisho kupangwa.

Haikuwezekana vinginevyo. Jumla ya namba witiri 12 ni shufwa daima, kwa hiyo ili mwaka uwe witiri ni lazima angalau mwezi mmoja uwe shufwa. (Mwanafunzi ajaribu mwenyewe kwa namba zozote 12.) Mzigo ulimwangukia Februari, mwezi wa utakaso na wa kuwakumbuka wafu. Julius Caesar aliporekebisha kalenda mwaka 46 KK aliongeza siku katika miezi mingine, ila Februari wa kawaida ulibaki na siku 28 mpaka leo.

== Uchunguzi ==
Mwaka 1990 mwanasaikolojia Terence Hines alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu huchelewa kidogo kutambua tarakimu witiri kuliko shufwa. Lugha nyingi nazo huitaja witiri kwa kukanusha shufwa: Kifaransa *impair*, Kijerumani *ungerade*. Kiswahili kimeipa kila moja jina lake.

Watu wakiombwa kutaja namba yoyote kati ya 1 na 10, wengi husema 7. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuchagua wanafunzi kwa haki atumie kura ya vikaratasi, asiwaambie wataje namba.