Prosesa ya Zamani na ya Sasa: Tazama Nambari, Usitazame Jina

Familia nyingi za mwambao hununua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, ili watoto wapate kuandika kazi za shule na mama apate kuweka hesabu za biashara yake ya nyumbani. Muuzaji hutamka neno moja, "Hii ni Core i7," na papo hapo bei hupanda. Neno hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Core i7 zimekuwa zikiuzwa tangu mwaka 2008, na iliyo ya zamani hushindwa na Core i3 ya miaka ya karibuni. Asiyelijua jambo hili huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayopokea amri na kuzitekeleza. Mwendo wake hupimwa kwa gigahezi, na gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Wengi hudhani kuwa penye mapigo mengi ndipo penye kasi. Sivyo. La kuuliza ni hili: kila pigo humaliza kazi kiasi gani?

Historia yatupa ushahidi. Mwaka 2004 kampuni ya Intel ilitoa Pentium 4 yenye gigahezi 3.8. Mwaka 2006 ikatoa Core 2 Duo E6600 yenye gigahezi 2.4 tu, nayo ikaipita ile ya kwanza karibu katika kila kazi. Fikiria jiko la mahamri: mmoja akanda, mwingine asukuma, wa tatu akata, wa nne akaanga. Pentium 4 ile iligawa kazi katika hatua 31, kila hatua ndogo na ya haraka. Lakini prosesa hulazimika kubashiri amri ijayo kabla haijathibitika. Ikikosea, vyote vilivyokwisha kuanzwa kwa ubashiri huo hutupwa, na safu ikiwa ndefu hasara huwa kubwa. Core 2 ilipunguza hatua hadi 14, na kila pigo likamaliza kazi nyingi zaidi. Tena ilikuwa na viini viwili, yaani wapishi wawili jikoni badala ya mmoja.

Sasa tulinganishe zile zinazowahusu wanunuzi wa leo. Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011. Ina viini vinne, hupokea nyuzi nane za kazi kwa wakati mmoja, na mwendo wake wa msingi ni gigahezi 3.4. Core i3-12100 ilitoka mwaka 2022, nayo ina viini vinne, nyuzi nane, na mwendo wa msingi wa gigahezi 3.3. Kwa karatasi ni kama pacha, lakini ile i3 huiacha i7 nyuma sana, kwa sababu kila kiini chake humaliza kazi nyingi zaidi katika pigo moja. Hata kwa umeme ina nafuu: i7 hiyo imekadiriwa wati 95, na i3 wati 60 kwa mwendo wa kawaida, ingawa ikikazwa hufika 89.

Siri imo katika nambari inayofuata jina. Zikiwa tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi: i7-2600 ni kizazi cha 2, i5-8500 ni cha 8. Zikiwa tano, tazama mbili za mwanzo: i3-12100 ni kizazi cha 12. Kompyuta ikiwa imewashwa, fungua Settings, kisha System, kisha About, utaisoma nambari hiyo kwa macho yako.

Kizazi kina uzito kwa sababu nyingine pia. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, huhitaji kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache mno. Kompyuta isiyopata marekebisho ya usalama si mahali pema pa kuweka nywila za benki wala picha za familia.

Je, ya zamani itupwe? La. Kwa kuandika barua, kusoma vitabu na kusikiliza darasa, kizazi cha 4 au cha 6 chatosha, hasa ukiiondoa diski ya kuzunguka na kuiwekea SSD. Badiliko hilo moja mara nyingi huonekana zaidi kuliko kubadili prosesa. Mfumo wa Linux, usiotozwa malipo, huendelea kupokea marekebisho hata kwenye mashine za umri huo. Bali kwa kuhariri video au kuchora ramani za majengo, afadhali kungoja na kuongeza fedha.

Basi kabla ya kutoa pesa, uliza mambo matatu: nambari kamili ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu, na aina ya diski. Yaandikwe kwenye risiti. Muuzaji mwaminifu hataona uzito, kwani kubainisha hali ya bidhaa ni wajibu wake. Anayekataa kuitaja nambari, mwachie kompyuta yake.