Tabo kubwa si dawa kwa gari lenye injini ya rota

TANGU Barabara Kuu ya Thika ikamilike kupanuliwa mnamo 2012, wapenzi wa magari ya kasi katika maeneo ya Kiuu, Ruiru na Thika wamekuwa na kishawishi kikubwa mlangoni pao. Lami ni pana, na gari lenye nguvu hudhihirika upesi.

Miongoni mwa magari yanayowavutia ni Mazda RX-7 na RX-8, ambayo hutumia injini ya rota badala ya pistoni. Ni machache nchini, na hayataongezeka. RX-7 ilikoma kuundwa 2002 na RX-8 ikafuata 2012, ilhali sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limepita miaka 8. Kwa hivyo, anayeharibu injini ya aina hii anapoteza kitu ambacho ni vigumu kukipata tena.

Injini hizo huweza kuharibika iwapo mwenye gari atanunua tabo isiyofaa.

Tabo ni kifaa chenye magurudumu mawili yaliyounganishwa kwa shafti moja. Gurudumu la kwanza, yaani turbini, huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. La pili, yaani kompresa, husukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikiongezeka, petroli nyingi zaidi huweza kuchomwa na nguvu hupanda.

Kosa la kwanza hutokana na maandishi ya kwenye hati za gari. Injini ya RX-7 ya mwisho huandikwa kuwa na sentimita za ujazo 1,308, hivyo mnunuzi hudhani inatosheka na tabo ya gari dogo la lita 1.3. Sivyo.

Rota ina pande tatu, na shafti ya injini huzunguka mara 3 kila rota inapozunguka mara moja. Matokeo yake ni kwamba kila mzunguko wa shafti, kila mojawapo ya rota mbili huvuta hewa ya chumba kizima. Injini ya pistoni ya mapigo manne huhitaji mizunguko miwili kufanya hivyo. Shafti ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, injini ya rota huvuta takriban lita 7,848 za hewa, nayo ya pistoni yenye ujazo huo huo huvuta lita 3,924 pekee. Kwa maana hiyo, tabo inapaswa kuchaguliwa kana kwamba injini ni ya lita 2.6.

Isitoshe, moshi wa injini ya rota hutoka ukiwa na joto kali na kwa mapigo yenye nguvu. Turbini yenye njia nyembamba huuzuia, moshi hurudi nyuma na joto huzidi ndani ya injini. Ndiyo sababu mafundi hutazama alama ya A/R iliyochorwa kwenye chuma cha turbini. Nambari ndogo, mathalan 0.63, huashiria njia nyembamba inayoamsha tabo mapema. Nambari kubwa kama 1.00 huashiria njia pana, ambayo hupitisha moshi kwa urahisi lakini huchelewa kuamka.

MWINUKO NA HEWA NYEPESI

Jambo la pili husahaulika mno, nalo ni mwinuko. Kiuu, Ruiru na Thika ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huko ni takriban ba 0.84, wakati Mombasa ni ba 1.01.

Tuseme mwenye gari anataka hewa iingie kwenye injini kwa shinikizo kamili la ba 1.7. Mombasa, kompresa italazimika kuikandamiza hewa mara 1.68. Kiuu italazimika kuikandamiza mara 2.02. Tabo itazunguka kwa kasi zaidi na hewa itapata joto zaidi. Kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa ya nyuzi 25 itapanda hadi takriban 93 katika hali ya kwanza, na takriban 120 katika ya pili.

Kwa hivyo, ushauri unaotolewa na mafundi wa Japani au Ulaya, ambao magari yao huendeshwa karibu na usawa wa bahari, haufai kufuatwa bila kupiga hesabu upya. Watengenezaji wa tabo huchapisha ramani ya kompresa, mchoro unaoonyesha kiasi cha hewa upande mmoja na kiwango cha kukandamiza upande wa pili. Tabo inayokaa katikati ya ramani hiyo ikiwa Mombasa huenda ikasukumwa hadi ukingoni ikiwa Ruiru.

Hatari hugeuka pindi gari linaposhuka pwani. Gari lililorekebishwa Kiuu kwa shinikizo la ziada la ba 0.7 hupata jumla ya ba 1.54. Likifika Mombasa na chemchemi ile ile ya kudhibiti tabo, hupata ba 1.71, yaani takriban asilimia 11 zaidi. Iwapo injekta na pampu ya petroli hazikuachiwa akiba, petroli hupungua kulingana na hewa na moto huwa mkali kupita kiasi.

Hapo ndipo msiba hutokea. Kwenye ncha za rota kuna vizibo vyembamba vinavyotenganisha vyumba. Petroli ikilipuka kabla ya wakati wake, vizibo hivyo huvunjika. Injini ya pistoni huweza kustahimili mlipuko kama huo mara kadhaa. Ya rota huenda ikafunguliwa yote kwa sababu ya mmoja tu. Fauka ya hayo, RX-7 zilizouzwa Japani zilipangiwa petroli ya daraja la juu, ambayo huko hukaribia oktani 100. Petroli ya kawaida ya vituo vya Kenya haifikii kiwango hicho.

Mwenye RX-8 anahitaji tahadhari zaidi. Gari hilo halikutoka kiwandani na tabo, na injini yake hukandamiza mchanganyiko mara 10, ikilinganishwa na mara 9 kwa RX-7 ya mwisho. Akiongeza tabo, shinikizo la ziada linafaa kuwa dogo.

Je, ni tabo ipi inayofaa? Jibu hutegemea matumizi. Gari linalopita Githurai asubuhi hukwama kwenye msongamano kwa muda mrefu, na injini yake huzunguka polepole. Tabo kubwa ya mashindano haiwezi kuamka hapo; dereva atabeba uzito na gharama bila faida. Kwa gari la barabarani, tabo ya wastani inayoamka kabla ya mizunguko 3,500, yenye njia ya moshi isiyobana, ndiyo yenye busara. Watengenezaji wa RX-7 wenyewe walilitambua tatizo hilo, wakaweka tabo mbili: ya kwanza kwa mwendo wa chini, ya pili ikijiunga injini inapokaribia mizunguko 4,500.

Anayenunua tabo ya mtumba katika maduka ya spea ya Kirinyaga au Grogan jijini Nairobi anafaa kuitikisa shafti kwa mkono. Ikigusa ukuta, au ikiwa na oili ndani ya njia ya hewa, aiache. Bajeti pia ijumuishe kipoza hewa, kipoza oili, injekta na kazi ya kurekebisha kompyuta ya injini. Kampuni ya bima nayo iarifiwe, kwani mabadiliko yaliyofichwa huweza kuwa sababu ya kukataa fidia.

Zaidi ya yote, barabara hiyo pana hupita katikati ya masoko na vituo vya matatu, ambako maelfu huvuka kwa miguu. Nguvu ambayo dereva hawezi kuitumia kwa usalama huko haina thamani. Wahenga walinena, mtaka yote hukosa yote.