MAPATANO NA MTUMISHI WA NYUMBANI

 Mwezi huu tunapenda kusema na wasomaji wetu, mabwana na mabibi wa majumba, na vijana ambao karibu watakuwa na majumba yao, juu ya jambo ambalo wengi hulipitisha kwa mazoea tu, nalo ni namna tunavyomwingiza mtumishi nyumbani.

Aghlabu huwa hivi. Bibi wa nyumba humwagiza jamaa yake aliye shamba amtafutie msichana wa kumsaidia kazi. Msichana huja kwa basi na furushi lake la nguo, hupokewa kwa uso mkunjufu, huonyeshwa pa kulala, na huambiwa maneno matamu: "Hapa ni kwenu, utakaa nasi kama mwanetu." Yakisha semwa hayo, basi. Hakuambiwa ataamka saa ngapi wala atalala saa ngapi. Hakuambiwa kuwa atapika, au atafua, au atalea mtoto, au atafanya yote matatu na jioni akae barazani kumwuzia bibi maandazi. Hakuambiwa siku yake ya kupumzika ni ipi. Na ujira pengine umetajwa kwa yule jamaa aliyemleta, yeye mwenyewe asisikie. Haufiki mwezi wa pili ila bibi hulalamika kuwa mtumishi ni mvivu, na mtumishi hulia kuwa amedanganywa. Na ukiwauliza wawili hao walipatana nini, utaona hakuna ajuaye.

Neno hilo la "kama mwanetu" sisi tunaliogopa. Mtoto wa nyumba hurithi, na huyu harithi. Mtoto wa nyumba hupelekwa skuli na chuoni, na huyu huwapeleka wenziwe mpaka mlangoni kisha akarudi jikoni. Akiugua mtoto wa nyumba hakuna anayehesabu siku alizolala. Hatusemi kuwa wasemao neno hili wana nia mbaya, kwani wengi wao hulisema kwa wema wa moyo. Lakini wema usio na mpaka humwacha mwajiri aombe lolote wakati wowote, na mtumishi asiwe na la kushika.

Na tutazame Qur'ani ilivyotusimulia habari za ajira. Katika Sura Al-Qasas, sura ya 28, Nabii Musa (a.s.) aliingia Madiani hali amekimbia Misri akihofia roho yake. Hakuwa na jamaa mjini humo, hakuwa na mali, na alikuwa na njaa. Aliwakuta wasichana wawili wamezuiwa na wachungaji kisimani, akawanyweshea wanyama wao bila ya kutaka malipo. Baba yao alipopata habari hakusema, "Huyu mgeni amefanya kwa hiari yake, Mungu atamlipa." Alimtuma mmoja wa binti zake kwenda kumwita ili apewe ujira wa kule kunywesha. Kisha binti mmoja alipompa baba yake shauri la kumwajiri Musa, mzee yule alimwambia wazi muda ni miaka minane, na kwamba akitimiza kumi itakuwa ni hisani yake mwenyewe, na malipo yake ni kumwoza mmoja wa binti zake wawili. Akaongeza kuwa hapendi kumpa mashaka. Naye Musa akayarudia mapatano kwa ulimi wake, kuwa muda wowote atakaoutimiza katika hiyo miwili asidhulumiwe, na akamfanya Mwenyezi Mungu kuwa ndiye shahidi juu ya hayo.

Wasomaji wetu na wazingatie ni nani aliyekuwa akipatana na nani. Mmoja ni mwenye nyumba na mifugo, na wa pili ni mkimbizi ambaye angepewa mkate na mahali pa kulala angeshukuru asiulize kitu. Ilikuwa wepesi kabisa kwa mzee yule kumwambia, "Kaa nasi kama mwanetu." Lakini alitenga la lazima na la hiari: minane ni haki yangu kwako, miwili ni wema wako kwangu. Ni wangapi katika sisi waliomwambia mtumishi wao kuwa jambo hili ni kazi yako, na lile ukilifanya ni hisani?

Wanavyuoni wa fikihi walilishika jambo hili barabara. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho mashekhe wa pwani yetu wamekisomesha vizazi kwa vizazi, ajira haisihi mpaka ujulikane ujira na ijulikane kazi, ama kwa muda wake au kwa kiasi chake. Haifai kumwajiri mchunaji kwa ngozi ya mnyama atakayemchuna, wala msagaji kwa sehemu ya unga atakaousaga, kwani mtu hajui ngozi itatoka namna gani wala unga utakuwaje. Ajengaye ukuta huelezwa mahali, urefu, kimo na kitu cha kujengea. Hata mwalimu wa Qur'ani, muda wake hutajwa au sura atakazosomesha hutajwa. (Hapa tunawakumbusha wazazi kwa adabu: wako wanaodhani mwalimu wa chuo hula thawabu.)

Na liko suala katika kitabu hicho hicho ambalo linafaa kusomwa katika kila nyumba. Mtu amempa dobi nguo amfulie, au fundi amshonee, na kazi ikafanywa, lakini ujira haukutajwa na yeyote. Je, hulipwa? Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi yasema hana ujira. Kauli nyingine yasema anao. Na ya tatu yasema kuwa akiwa anajulikana kwa kazi ile hulipwa, na la si hivyo hapati kitu. Na Imamu Nawawi ametaja kuwa hii ya tatu imeonekana njema. Tazameni hatari ya kunyamaza! Wanavyuoni wakubwa wamekhitilafiana kama mtu aliyetoa jasho apate au akose, na khitilafu yote hiyo imekuja kwa sababu siku ile ya kwanza hakuna aliyefungua mdomo. Atakayepotewa ni yule mnyonge. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Bukhari, ametuhadharisha kuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mdai siku ya Kiyama wa mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake.

Asidhani mtu kuwa haya ni kwa mtumishi Mwislamu peke yake. Mtume (s.a.w.) na Sayyidna Abubakar walipohama Makka walimwajiri kiongozi wa njia aliyekuwa katika dini ya Makureshi. Walimkabidhi ngamia wawili na wakapatana naye afike kwenye pango la Thaur baada ya siku tatu, naye akafika asubuhi ile. Roho zao zilitegemea mapatano yale, na hayakuachwa hewani.

Serikali nazo zimesema. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yake, mahali pake, saa zake na ujira wake, na asipoyafahamu, aelezwe mpaka afahamu. Saa za kawaida zisipite 45 kwa wiki. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, na hili wajue wale wanaotafuta "mtoto mdogo wa kucheza na mtoto." Kenya nayo ina Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inayotaka maandishi kama hayo. Wako wanaosema kuandikiana na mtumishi ni mambo ya maofisi, hayaingii katika nyumba ya Waislamu. Twawajibu kuwa aya ya 282 ya Sura Al-Baqara imetuamrisha kuliandika deni la muda, na mshahara unaongojewa mwisho wa mwezi ni deni gani kama si hilo?

Mapatano haya humfaa mwajiri vile vile. Mtumishi aliyeambiwa kuwa mtoto asiachwe peke yake, na kuwa mgeni asifunguliwe mlango wenyewe wasipokuwapo, akiyavunja hayo ana lawama. Asiyeambiwa atalaumiwa kwa lipi? Na saa za sala zitajwe, kwani mafakihi wamezitoa katika muda wa ajira bila ya kupunguza ujira. Basi kumwita mtumishi aje apakue chakula naye yuko juu ya msala ni kumnyang'anya kisichokuwa chetu.

Aliye na mtumishi tangu zamani pasipo mapatano, na amkalishe usiku wa leo watoto wakisha lala, bwana na bibi wote wawili wawepo. Kwanza amwulize yeye amefahamu kazi yake ni ipi, asikize mpaka mwisho asimkatize. Kisha zitajwe kazi moja moja, saa ya kuanza na ya kumaliza, siku ya mapumziko, likizo ya kwenda kwao, na ujira na tarehe yake. Ikiwa miezi iliyopita hakupata kitu, au alipata kidogo, na lipimwe analolipwa mwingine wa kazi kama yake mtaani, na kilichopungua alipwe, hata kama ni kwa mafungu. Ziandikwe karatasi mbili, asomewe ikiwa hajui kusoma, na moja aishike yeye mwenyewe, si jamaa yake aliyemleta.